Kuchagua dalali wa kukuuzia nyumba Kigoma Ujiji, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Dalali anachukua asilimia ngapi? Anataka nimpe hati akamwonyeshe mteja, nimpe? Madalali watatu wamenitajia bei tatu, nani mkweli? Mwongozo huu unamlenga mtu anayeuza nyumba moja, aliyoijenga au kuirithi, iwe Mwanga, Gungu, Katubuka, Buzebazeba au Ujiji. Kama wewe uko Dar es Salaam na nyumba iko huku mwisho wa reli, hatua ni hizo hizo, ila ya 6 uisome mara mbili.

Shika hili kwanza: dalali anayekufaa ni yule anayekubali ujue mnunuzi anatoa shilingi ngapi. Ofisi yake, pikipiki yake na wingi wa wafuasi wake mtandaoni vinakuja nyuma ya hapo.

Usimchanganye pia na dalali wa mnada au wa mahakama. Wale wana leseni ya kunadi mali na wanafanya kazi kwa amri ya mahakama au agizo la benki. Wa kwako anatafuta mnunuzi tu. Hauzi yeye, unauza wewe.

Uwe na nini kabla ya kupiga simu

Dalali mzuri atakuuliza karatasi ndani ya dakika tano za kwanza. Ukianza kuzitafuta mteja akiwa mlangoni, mteja atahamia nyumba ya pili. Andaa hivi:

- Hati miliki, au barua ya toleo (ya kupewa kiwanja, kabla ya hati), au leseni ya makazi (ya maeneo yasiyopangwa). Kama huna hata moja kati ya hizo, basi karatasi za mauziano ulizonunulia, zenye mashahidi na muhuri. Nyumba isiyo na hati inauzika, lakini bei yake ni nyingine na dalali lazima aambiwe mapema.
- Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hakikisha tu mita haina deni.
- Ridhaa ya mume au mke kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja.
- Nyumba ya urithi: barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi kuhamisha umiliki. Nyumba za zamani za Ujiji zenye warithi wanane, watatu wakiwa Bujumbura au Dar, hukwama hapa kuliko mahali pengine popote.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya mlipakodi.
- Stakabadhi za kununua kiwanja na za ujenzi: saruji, mabati, fundi. Zinapunguza kodi, kama utakavyoona hatua ya 4.

Kama nyumba iko karibu na ziwa, kwa mfano Kibirizi, Katonga au Bangwe, pima umbali kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda miaka ya karibuni na kuingia makazi ya mwaloni, kwa hiyo kila mnunuzi makini atauliza. Jibu liwe tayari, na liwe la kweli.

Hatua ya 1: Ijue bei kabla dalali hajakupangia

Uliza nyumba tatu za mtaa wako, au mtaa unaofanana, zilizokwisha kuuzwa mwaka huu au uliopita. Usiulize zinazotangazwa. Bei ya tangazo ni matumaini ya mwenye nyumba, na huku mara nyingi ndani yake kuna cha juu, yaani kiasi ambacho dalali anaongeza juu ya bei ya mwenye nyumba na kukichukua yeye. Mjumbe, majirani na mafundi waliofanya ukarabati baada ya mauzo huijua bei iliyolipwa kweli.

Gawa bei sehemu mbili: kiwanja na jengo. Kiwanja hupanda kwa kupimwa, kuwa na hati, kufikika kwa gari na kuwa karibu na lami. Jengo hupanda kwa maji ya bomba yanayotoka kweli, umeme na choo cha ndani. Dari iliyovuja na ukuta uliopasuka huishusha zaidi ya gharama ya kuitengeneza, kwa sababu mnunuzi anahesabia na wasiwasi wake.

Ukiweza kulipia mthamini aliyesajiliwa, lipa. Taarifa yake itakusaidia kwenye majadiliano, na uthamini utahitajika tena wakati wa kuhamisha umiliki.

Toka hapa na bei mbili: ya kutangaza, na ya mwisho usiyoshuka chini yake. Ya pili haimhusu dalali kabisa. Ukimwambia, mteja ataisikia kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 2: Kusanya majina manne au matano

Waulize waliouza, si walionunua. Aliyenunua anamsifu dalali aliyempunguzia bei, yaani aliyemminya muuzaji. Swali liwe moja: "Nani alikuuzia, na ulipokea kiasi gani kati ya alicholipa mteja?" Asiyejua alicholipa mteja aliuza kwa cha juu, na jina hilo weka alama.

Tenga madalali wa vyumba na fremu. Dalali wa kupangisha anaishi kwa kodi ya mwezi mmoja na anamaliza kazi kwa siku mbili. Kuuza nyumba kunachukua miezi, kuna hati, wakili, TRA na Ofisi ya Ardhi. Wengi wanasema wanafanya vyote, lakini muulize nyumba mbili za mwisho alizouza ziko wapi, kisha nenda ukagonge hodi.

Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji akijitolea kuwa dalali wako, shukuru na ukatae. Huyo unamhitaji kama shahidi, na shahidi mwenye asilimia yake ndani ya biashara ni udhaifu siku ya ugomvi.

Hatua ya 3: Wajaribu kwa simu, kisha waite nyumbani

Mpe ndugu yako namba hizo apige kama mnunuzi. Aulize nyumba ya vyumba vitatu Gungu au Mwanga, bajeti milioni 60. Asikilize mambo matatu. Je, dalali anapokea, na asipopokea anapiga tena siku hiyo hiyo? Je, anauliza mteja anataka nini, au anamwaga picha kumi za nyumba zisizofanana? Je, anadai hela ya kuonyeshwa kabla ya lolote?

La tatu ni zito. Mteja anayetozwa elfu kumi kwa kila nyumba ataona mbili tu, na dalali anayeishi kwa hela ya kuonyesha hana haraka ya kuuza.

Wanaobaki, wawili au watatu, waite nyumbani siku tofauti. Anayekufaa ataingia kila chumba, atafungua bomba, atauliza mipaka na majirani, ataomba kuona hati na kukushauri ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kuthibitisha haina rehani wala zuio. Asiyekufaa atasimama uani, atazame juu na kusema "hii inaenda milioni 80, mteja ninaye sasa hivi". Bei kubwa kuliko ya wenzake wote ni chambo. Ukishamkabidhi nyumba, wiki ya tatu ataanza kukuambia soko limeshuka.

Muulize haya na uandike majibu mbele yake:

- Bei yako imetokana na nyumba zipi zilizouzwa?
- Mnunuzi naye anakulipa? Kiasi gani?
- Utashirikiana na madalali gani, na wao watalipwa na nani?
- Una leseni ya biashara na namba ya mlipakodi?

Swali la pili huwatoa jasho wengi. Kulipwa pande zote mbili ni jambo la kawaida sokoni na mtu anaweza kulikubali, ila ujue mapema, maana anayelipwa na mnunuzi ana sababu ya kukushusha.

Hatua ya 4: Kubalianeni asilimia, kataa cha juu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tuende polepole.

Kwa mtindo wa cha juu, unamwambia dalali "mimi nataka milioni 45 mkononi, utakachozidisha ni chako". Anauza 60. Anabaki na milioni 15, robo ya nyumba yako. Kwa asilimia 5 angepata milioni 3 na wewe 57.

Hasara haiishii hapo. Mnunuzi aliyetoa milioni 60 atataka mkataba uandikwe 60, na ana haki. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama, au asilimia 3 ya bei, au ya thamani iliyoidhinishwa ikiwa ni kubwa zaidi, kwa asiye na kumbukumbu. Asilimia 3 ya milioni 60 ni milioni 1.8. Kwa hiyo unalipia kodi pesa iliyoingia mfukoni mwa dalali, na wewe unabaki na milioni 43.2.

(Nyumba uliyoimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi kodi hiyo. Ndiyo maana stakabadhi za saruji zina thamani. Wapelekee TRA Kigoma uthibitishe hesabu yako kabla ya kutangaza bei.)

Viwango vinavyotajwa sana ni asilimia 5 hadi 10. Kumi huombwa zaidi kwenye viwanja vya bei ndogo. Kwa nyumba ya mamilioni mengi, anza kwenye 5 na usione haya kujadili. Ukitaka dalali apiganie bei, mgawie kwa ngazi: asilimia 5 kwa milioni 55 za kwanza, na asilimia 10 kwa kinachozidi hapo. Akiuza 60 anapata milioni 2.75 na laki 5, jumla milioni 3.25. Ana sababu ya kusukuma, na wewe unaona kila shilingi.

Hatua ya 5: Andikeni mkataba wa udalali

Ukurasa mmoja unatosha. Nakala mbili, saini, shahidi mmoja kila upande. Yawemo haya:

1. Majina, namba za NIDA na simu za pande zote mbili, na maelezo ya nyumba: mtaa, kitalu, namba ya kiwanja.
2. Bei ya kutangaza, na maneno haya: "Dalali hatataja bei nyingine kwa mteja yeyote bila idhini ya maandishi ya muuzaji. Ujumbe wa WhatsApp unatosha."
3. Asilimia, na kwamba inatokana na bei iliyo kwenye mkataba wa mauziano.
4. Muda: siku 90, kisha mkataba unakufa wenyewe hadi muuongeze.
5. Madalali wengine atakaowashirikisha watalipwa kutoka fungu lake.
6. Dalali haruhusiwi kupokea kishika uchumba (malipo ya awali ya kushikilia nyumba) wala malipo yoyote ya nyumba.
7. Mteja aliyeletwa ndani ya muda na kuandikwa kwenye daftari la wateja (tazama hatua ya 6) akinunua ndani ya siku 90 baada ya muda kwisha, dalali analipwa. Kifungu hiki ni cha kumlinda yeye. Kiweke, atafanya kazi kwa moyo.
8. Malipo ya dalali hufuata malipo ya mnunuzi. Mnunuzi akilipa nusu, dalali anapata nusu ya haki yake.

Je, mmoja au wengi? Mpe mmoja kwa siku hizo 90 na umruhusu ashirikiane na wenzake. Ukiwatawanyia watano, nyumba moja itasikika kwa bei tano: huyu anasema 58, yule 65, wa tatu 72. Mji wetu si mkubwa. Mteja atajua, na atasubiri uchoke.

Hatua ya 6: Tangazo, funguo na daftari

Andika tangazo mwenyewe, dalali asambaze kama lilivyo. Mfano:

"Nyumba inauzwa Gungu. Vyumba 3, kimoja kina choo ndani, sebule, jiko, stoo. Kiwanja mita 20 kwa 25, kimepimwa, hati ipo jina la muuzaji. Maji ya bomba, umeme. Gari linafika mlangoni, mita 150 kutoka lami. Bei milioni 60, maongezi yapo. Kuona ni bure."

Picha zipigwe asubuhi, madirisha wazi, kamba ya nguo imeshushwa. Usisambaze picha ya hati. Mteja makini aione ana kwa ana, au apewe namba akafanye upekuzi mwenyewe. Picha safi ya hati yenye saini na muhuri ni malighafi ya kughushi.

Hati halisi haitoki mkononi mwako hadi siku ya wakili. Haendi nayo dalali "dakika kumi", haendi nayo mteja, hapewi "shemeji wa mteja anayefanya kazi benki".

Funguo zikae kwa jirani au ndugu, pamoja na daftari lenye safu nne: tarehe, jina la mteja, simu yake, dalali aliyemleta. Kila anayeingia anasaini. Siku madalali wawili wakidai mteja mmoja, utafungua ukurasa na mazungumzo yataisha.

Kwa aliye mbali: usimpe dalali hati ya uwakilishi ya kukuuzia. Mpe ndugu unayemwamini, iandikwe na wakili, itaje nyumba hiyo moja, bei ya chini, na kwamba pesa zitaingia kwenye akaunti yako kwa jina lako.

Hatua ya 7: Mteja akipatikana

Kutana naye uso kwa uso, dalali akiwepo, na umuulize mwenyewe: "Tumekubaliana shilingi ngapi?" Swali fupi, ila ndilo linalofichua cha juu kilichobaki. Dalali anayefanya kila njia msionane ana anachokificha.

Kisha wakili. Kila upande una haki ya kuwa na wake. Usikubali wa dalali kuwa wa wote. Mkataba wa mauziano uandikwe bei halisi. Utashawishiwa kuandika ndogo ili kodi ipungue, lakini thamani ya mthamini wa Serikali ikiwa juu ndiyo itakayotumika, na mnunuzi akikuacha na deni utadai kilichoandikwa tu.

Kishika uchumba kisizidi asilimia 10, kiingie akaunti yako, na karatasi iseme kitarudi au hakitarudi kwa sababu zipi. Salio lipitie benki. Kwa nyumba yenye hati, wakili atajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, ambazo ni taarifa, maombi ya kibali na uhamisho. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa desturi ni wa mnunuzi, andikeni hivyo. Malipo ya Serikali yanatolewa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayetaka taslimu "ya ofisi", iwe asilimia 10 ya mtaa au jina lolote, aonyeshe sheria ndogo na akupe stakabadhi.

Kwa Kigoma kuna moja zaidi. Dalali anaweza kukuletea mnunuzi kutoka Kongo au Burundi mwenye pesa mkononi. Asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Ukiambiwa "tutaandika jina la Mtanzania fulani", jua kwamba anayelipa na anayesaini ni watu wawili, na wakigombana wewe ndiye shahidi namba moja. Kataa, au mpeleke mteja kwa wakili kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Wiki sita zimepita, watu wanaona, hakuna anayetoa ofa.* Bei iko juu, au kuna kitu nyumbani kinawafukuza. Pigia simu wateja watano wa kwenye daftari na uwaulize kilichowarudisha nyuma. Watatu wakitaja jambo moja, litengeneze au punguza bei mara moja kwa asilimia 5 hadi 8. Kushusha laki tano kila wiki kunawafundisha wateja kusubiri.

*Hakuna hata anayekuja kuona.* Omba dalali akuonyeshe alikotangaza. Akikosa la kuonyesha, mwandikie kwamba mkataba hautaongezwa, na uanze kuongea na wa pili kwenye orodha.

*Umesikia anaitangaza kwa bei nyingine.* Mtu apige kama mteja, ahifadhi ujumbe wenye bei. Umeshavunjiwa kifungu cha 2. Mjulishe kwa maandishi, kisha wajulishe wateja wote wa kwenye daftari bei halisi. Mara nyingi mmoja wao atarudi.

*Mteja anataka mmalizane kando bila dalali.* Kama yumo kwenye daftari, lipa asilimia. Zaidi ya mkataba, dalali uliyemruka atazungumza mtaani, na maneno yake yanaweza kumtisha mnunuzi kabla hajamaliza salio.

*Dalali amekimbia na kishika uchumba.* Mpe mnunuzi nakala ya kifungu cha 6, muende polisi pamoja siku hiyo hiyo. Kama hujawahi kumruhusu kupokea, usikubali kukilipa wewe bila kwanza kuongea na wakili.

*Hati iliondoka na haijarudi.* Usisubiri ahadi ya Jumatatu. Toa taarifa polisi upate maandishi, kisha nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa uombe kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, ili mtu yeyote asiandikishe mauzo wala rehani juu ya nyumba hiyo. Sitisha uuzaji hadi upekuzi mpya uonyeshe jina lako bado liko peke yake.